Kutoka Grogan mpaka Lenana: siku tano nikifuata masizi

Nimerudi kutoka Mlima Kenya wiki mbili zimepita na magoti bado yananiuma nikishuka ngazi, lakini wacha niandike kabla sijasahau. Nimeunga kutoka kwa noti za simu na picha, za siku ya tatu ni chache sana juu simu iliingia maji, kwa hivyo hapo mtanivumilia.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa pampu za dizeli, niko Grogan, Kirinyaga Road, mtaa wa magereji hapa Nairobi, mwaka wa kumi na tisa huu. Kazi yangu ni nozo, pampu na tabo (turbo), kwa ufupi gari ikitoa moshi mweusi inaletwa kwangu. Jioni nikifika nyumbani Kariobangi napenga kamasi na inatoka nyeusi kama wino, na miaka hiyo yote sikuwahi kuiona kama shida, nilijua ni ya kazi. Mwaka jana mpwa wangu akaja kukaa kwangu, anasoma mambo ya hali ya hewa pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, hajawahi kushika spana, yeye ni kupanda tu matatu asubuhi na kurudi jioni. Wiki ya kwanza akapenga kamasi kwa tishu akaileta mezani tukikula akanionyesha. Nyeusi. Nikamwambia tabia gani hiyo, lakini usiku sikulala vizuri.

Ni huyo huyo aliyenitia hii safari kichwani. Mnakumbuka 2020, wakati wa korona, zile picha za Mlima Kenya ukionekana nyuma ya majumba ya Nairobi na watu wakagombana mtandaoni ati ni za kutengenezwa? Mlima uko zaidi ya kilomita 130 kutoka tauni. Kijana alisema mlima haujawahi kuhama, ni pazia ndiyo iko katikati, ukungu, vumbi na moshi, na pazia hiyo ndiyo anasoma. Nikamwambia basi twende tuione kwa upande ule mwingine. Nilikuwa nimelipwa kazi ya malori mawili, pesa ilikuwepo, na bibi yangu akasema afadhali mlima kuliko vile pesa ya lori huisha kawaida.

Siku ya 1, Jumatano: Kariobangi – Naro Moru

Saa kumi na moja na nusu asubuhi tulipanda juu ya nyumba kuangalia kama mlima unaonekana. Hauonekani. Kitu kilichoonekana ni mkanda wa rangi ya chai ya maziwa umelala juu ya mabati kutoka upande wa Dandora mpaka Industrial Area, na moshi wa jiko la jirani ulikuwa unapanda wima halafu unafika mahali unakatika, unatandaza kando kama umegonga dari. Kijana akasema hiyo ni dari kweli, usiku ardhi inapoa, hewa baridi inakaa chini na ya joto inakaa juu yake kama kifuniko, kwa hivyo jiko, jaa la takataka na matatu za kwanza za asubuhi zote zinatupa moshi ndani ya sufuria moja iliyofunikwa. Jua likishapasha chini ndio kifuniko kinafunguka. Ukikimbia mazoezi saa kumi na mbili asubuhi kando ya barabara kubwa ukidhani unatafuta hewa safi, umejidanganya.

Tauni tulichukua matatu steji ya Tea Room, shilingi 700 kila mtu mpaka Naro Moru. (Ukifika kabla ya saa mbili hata 600 wanakubali, na usikubali begi lipande juu ya gari kama lina sleeping bag, la jirani yetu liliteremka limejaa vumbi la changarawe.) Mpaka Kenol hakuna stori, msongamano wa Githurai mnaujua.

Tulipopita Sagana tukianza kupanda kuelekea Karatina gari ikalegea. Dere anakanyaga, injini inalia, gari haiendi, na nyuma wingu jeusi mpaka lori lililotufuata likawasha taa. Abiria wakaanza, ooh injini imekufa, rudisheni nauli. Mimi nilikuwa nimesikia kasauti kadogo, fyuuu, kama mtu anapuliza chai, nikajua hii ni tabo. Zile matatu za watu 14 injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo wale wawili wa mbele wakashuka, kiti kikainuliwa, na kweli, mpira wa hewa kutoka kwa tabo ulikuwa umechomoka, klipu imelegea. Hakuna bisibisi. Nikakaza klipu kwa ncha ya kisu cha mama mmoja aliyekuwa anapeleka mananasi kwa binti yake, halafu nikafunga juu na kipande cha tyubu ya baiskeli, dakika ishirini hivi. Moshi ukaisha.

Nilimwelezea kijana na ndio hapo tulielewana kwa mara ya kwanza, manake yeye huongea kitabu na mimi naongea spana. Tabo inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikitorokea nje, dizeli inaingia ile ile lakini hewa haitoshi, haiungui yote, na ile isiyoungua inatoka kwa eksozi ikiwa masizi. Moshi mweusi ni mafuta umelipia na hujatumia. Akasema basi Anko, hiyo ndiyo stori yote, iwe dizeli, kuni, makaa, majani yanachomwa shambani, taka ya Dandora, ni moto ambao haujapata hewa. Tofauti ni kwamba gesi ya kaboni inayotoka kwa eksozi hiyo hiyo inakaa angani mamia ya miaka, masizi yanakaa siku chache mpaka wiki moja au mbili hivi, mvua inayaosha ama yanaanguka. Nikamuuliza kwa hivyo tukizima yote leo? Akasema mwezi ujao anga ingekuwa nyingine. Hiyo ilinikaa.

Dere alikataa kuchukua nauli yetu, akarudisha 1,400 yote, na Karatina makanga akatununulia nduma na chai. Yule mama wa mananasi alinipa moja na kisu akanifutia kwa kanga yake.

Siku ya 2, Alhamisi: Naro Moru, tunangoja

Siku hii ilitakiwa kuwa ya kupanda. Malipo ya kuingia mlimani ni ya mtandao na mtandao ulilala kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana. Lipieni mkiwa Nairobi, msifanye kama sisi, na mtu hakubaliwi kupanda peke yake, lazima kiongozi. Wetu alituchukua kwa 2,500 kwa siku, chakula chake juu yetu. Watu wa steji walikuwa wanamwita gaidi, yaani "guide" ya Kiingereza, akasema jamani niiteni kiongozi, hilo jina lingine siku moja nitapigwa risasi nalo.

Kwa sababu ya kuchelewa tukalala tena pale pale, nyumba ya wageni ya shosho mmoja, 800 kwa kichwa na supu ndani. Jikoni kwake ni mawe matatu na kuni, na nilikaa huko jioni yote kwa sababu nje baridi ilikuwa inauma. Nikaangalia juu. Kwa mabati na kwa zile mbao kulikuwa na nyuzi nyeusi zinaning'inia, ndefu kama kidole, zinacheza kila moto ukipumua, na kuna moja ilikatika ikashuka polepole ikatua kwa mkono wangu. Nikaisugua. Hakuna chembe, hakuna mchanga, inapotea kwa ngozi kama wanja. Nimeosha hiyo kitu kwa nozo maisha yangu yote, ni ile ile kabisa.

Usiku nikapenga kamasi: nyeusi. Niko zaidi ya mita 1,900, hewa ya mlima, mbuzi wanalia, na kamasi ni ya Grogan.

Shosho macho yake ni mekundu na anakohoa kikohozi kile cha kukauka. Kijana alimuuliza kwa adabu kama ana gesi, akasema mtungi uko, mtoto alimnunulia, umekaa kwa kona kwa sababu kuujaza ni pesa ya mara moja na kuni ni za kuokota. Sikuwa na jibu. Pia ana koroboi kwa dirisha ingawa taa ya sola iko, ati ya sola inamnyima usingizi. Kijana baadaye akaniambia ile koroboi ndogo ni mbaya kuliko inavyoonekana, watu walipima wakakuta asilimia 7 mpaka 9 ya mafuta yake inageuka masizi, hakuna dizeli ya mtu inafika hapo hata ile ya kuletwa kwangu ikikohoa. Kwa kweli nilifurahi kidogo kuna mtu amenishinda.

Tukiondoka asubuhi shosho alimpa kijana soksi mbili za sufu alizofuma mwenyewe, akakataa pesa, akasema mtarudisha mkirudi. Tulirudisha.

Siku ya 3, Ijumaa: Met Station – Mackinder

Pikipiki mpaka geti, gari la kiongozi mpaka Met Station, kambi ya mita 3,050, halafu miguu. Kinamasi cha huko juu kiliniingia mpaka magotini na simu ikaenda nayo. Nilitapika mara moja. Mackinder, kambi ya juu, ni mita 4,200, tulifika saa kumi jioni, nikanywa uji nikalala. Nunueni dawa ya kichwa Naro Moru na mbebe gambuti, viatu vya mitumba vya Gikomba vinafunguka soli.

Kitu kimoja tu nakumbuka, usiku nikapenga kamasi na ilikuwa safi. Nilimwamsha kijana kumwonyesha, nikalipa deni.

Siku ya 4, Jumamosi: Lenana

Saa nane usiku tulianza. Mchanga na mawe, hatua mbili mbele moja nyuma, kiongozi mbele anaimba nyimbo za kanisa polepole kwa sauti ya chini, nadhani ilikuwa njia yake ya kupima mwendo wetu. Saa kumi na mbili na robo tulikuwa juu, Lenana, kilele cha tatu cha huu mlima, mita 4,985. Batian ndiyo kilele chenyewe, mita 5,199, hiyo ni ya watu wa kamba.

Jua likatoka na sasa nikaona kile tulichokuja kuona. Juu ya kichwa bluu nyeusi, safi mpaka inatisha. Chini, pande zote, kuna mstari. Kabisa kama mtu alipiga rula. Chini ya huo mstari anga ni rangi ya kutu, ile rangi ya maji ya rejeta ya zamani, na milima ya Aberdare inatokeza kidogo tu kama visiwa. Kiongozi alisema siku nzuri kutoka hapa unaona Kilimanjaro. Tuliangalia upande wa kusini. Kutu tupu.

Nikauliza hiyo yote ni ya Nairobi? Kijana akacheka, akasema Nairobi ijivune kiasi. Februari huku kwetu upepo ni kaskazi, ule ule uliokuwa unaleta majahazi Mombasa na Lamu kutoka Uarabuni na India. Mwaka 1999 wanasayansi walikaa Maldives miezi mitatu na ndege na meli wakapima hewa inayotoka Asia Kusini kwa huo upepo, wakakuta ukungu wa kahawia unene wa kama kilomita tatu umetanda juu ya bahari, majivu, masizi na mengine. Ongeza nyasi zinazochomwa huko Sudan Kusini na Afrika ya Kati miezi hii ya kiangazi, halafu kuanzia Juni moto unahamia kusini, Kongo, Angola, Zambia. Bara letu ndilo linachoma nyasi na misitu kuliko mengine yote. Halafu vumbi nalo. Akasema ukiniuliza hii ya leo ni ya nani sitakudanganya, kujua unahitaji mashine na siku nyingi. Kuna kituo kwa mlima huu huu, mita 3,678, kinapima hewa tangu 1999 chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), lakini hatukupitia.

Kwa wale wanaosema moshi ni shida ya kifua tu, nitaandika vile nilielezwa nikiwa nimekaa kwa jiwe meno yanagongana. Moshi mweupe unarudisha jua juu. Mweusi unalila. Kwa hivyo ile tabaka ya kutu inapata moto pale katikati ya hewa, na chini yake ardhi inapata kivuli, jua kidogo, maji kidogo yanapanda kuwa mvuke. Sasa ile dari tuliyoona Kariobangi asubuhi, hebu ifikirie kubwa ya nchi nzima: juu joto, chini baridi kidogo, hewa haina hamu ya kupanda, na hewa isipopanda hakuna mawingu ya mvua. Na mawingu yakifaulu, chembe za moshi zikiwa nyingi matone yanakuwa mengi lakini madogo madogo, yanachelewa kuungana kuwa mvua. Mahali pengine inaweza kuvuta mvua ije mapema ama inyeshe kwa jirani. Nikamuuliza ndio maana masika yetu siku hizi hayaeleweki? Akakataa kabisa kuweka hiyo kwa masizi, akasema mvua ya Afrika Mashariki inaendeshwa kwanza na joto la bahari, masizi ni mkono mmoja kati ya mikono mingi kwa usukani. Nilitaka aseme ndio. Hakusema.

Barafu sasa. Kutoka Lenana unaiona barafu ya Lewis hapo chini, ama kilichobaki, na picha ya zamani ukiiweka kando unaweza kulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 huu mlima ulihesabiwa barafu 18. Lewis peke yake kati ya 1934 na 2010 ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Sasa mimi fundi nilikuwa nimekuja na wazo langu: theluji safi inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, ikiguswa na masizi kidogo tu inaanza kula jua, basi ni sisi, ni malori yangu yaliyoyeyusha. Kwa kushuka tukapita ukingoni, nikakwangua kwa kijiko nikajaza kikombe cha plastiki, nikakiweka ndani ya koti mpaka kikayeyuka, nikachuja kwa leso nyeupe mpya niliyonunua shilingi 50 kwa kazi hiyo.

Ilibaki alama ya kijivu, saizi ya shilingi tano. Nikasema ona! Kijana akaigusa kwa kidole, akasugua, akaniambia gusa wewe. Ikakwaruza. Mchanga. Vumbi la mawe ya hapa hapa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyagusa masizi ya shosho siku mbili kabla, najua yanavyoteleza, sikuweza kubisha. Akasema yanaweza kuwemo lakini si kwa jicho, na isitoshe barafu ya huku kwetu inauawa zaidi na ukavu, mawingu na theluji vimepungua, na joto. Kule Himalaya ndiko masizi yana kesi kubwa na theluji, watu wengi wanapika na kuni na kuchoma matofali chini ya milima na moshi unapanda moja kwa moja.

Sijui kwa nini niliudhika. Umepanda kilomita tano kwenda angani kukiri dhambi halafu unaambiwa hiyo si yako, yako iko kule chini kwa ile kutu.

Siku ya 5, Jumapili: kurudi

Chini kwa kasi, magoti yakaisha. Soksi kwa shosho, na tulimjazia mtungi wa gesi Naro Moru mjini, pesa tuligawana na kiongozi ambaye hakuombwa. Kama atautumia au utarudi kwa kona sijui.

Ushauri wa fundi hapa katikati, kwa mwenye gari ya dizeli ya kutoka Japani anayefikiria kwenda kwa gari yake: nenda. Gari hizo zinakuja na kichujio cha masizi kwa eksozi, DPF, na kazi yake ni kukamata masizi na kuyachoma gari ikiwa mwendoni. Ukizunguka tu Nairobi gia ya pili kwa msongamano haipati moto wa kutosha, inaziba, taa inawaka. Saa moja ya mwendo mzuri barabara kubwa mara nyingi inajisafisha yenyewe. Na dizeli yetu tangu 2015 imepunguzwa salfa mpaka sehemu 50 kwa milioni (50 ppm) Afrika Mashariki, kwa hivyo ile hadithi ati mafuta yetu yataua kichujio siku ya kwanza ni ya zamani.

Matatu ya kurudi 800, ilikuwa Jumapili jioni, hawaskizi mtu. Hesabu yote kwa watu wawili ilifika kama 31,000, ya kuingia mlimani ndiyo kubwa. Tulifika Roysambu saa mbili usiku, madirisha wazi, na basi moja mbele yetu likamwaga wingu tukifunga. Nikatoa ile leso. Upande wa pili wa alama ya mlima nikapenga.

Jumatatu

Nilikuwa nimefungua tu, hata chai sijanywa, pikap ikaingia. Jamaa namjua, mteja wa miaka. Taa ya DPF inawaka, gari haina nguvu, anataka ile kazi yetu ya siku zote: tunakata, tunatoboa ndani, tunashona, 6,000, saa moja. Niseme ukweli nimefanya hiyo kazi sijui mara ngapi, kuna mwaka ililipa karo ya shule.

Nikamwambia naweza kukitoa nikisafishe vizuri, 14,000, kesho jioni. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikajaribu kumwelezea ya kutu na leso, akaangalia saa. Akasema fundi, nakuheshimu, lakini huyo wa ng'ambo ananifanyia kwa tano.

Akarudisha nyuma, akavuka barabara. Mpaka saa sita nilikuwa nasikia grainda.